Vita vya Kivu: kutuma jeshi kupitia EAC, SADC, Umoja wa Mataifa au kwa mkataba wa nchi mbili?

Tangu waasi wa M23 walipojitokeza mwaka 2012, eneo lile lile la Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na majirani zake limepokea majeshi ya kigeni kwa mifumo minne. Ilikuja brigedi ya Umoja wa Mataifa yenye ruhusa ya kushambulia (2013), kisha jeshi la Jumuiya ya Afrika Mashariki, EAC (2022 hadi 2023), kisha misheni ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika (2023 hadi 2025). Pembeni yao wako majirani walioingia mmoja mmoja kwa makubaliano na Kinshasa: Uganda tangu 2021 na Burundi tangu 2022. Ardhi ni ile ile, adui kwa sehemu kubwa ni yule yule, na hata watuma askari wanajirudia. Kwa anayetaka kujua vita vya ukanda vinaufanyia nini ushirikiano wa kiusalama wa nchi rafiki, ni vigumu kupata mahali pengine pa kulinganishia kama hapa.

Ulinganisho huu umeandikwa kwa anayepaswa kutoa ushauri: mjumbe wa kamati ya ulinzi bungeni, ofisa wa wizara, mhariri, mwanafunzi wa uhusiano wa kimataifa. Hoja yetu tunaiweka wazi mapema. Idadi ya askari si kigezo cha kwanza. Kinachoamua ni mambo mawili: je, nchi inayotuhumiwa kumbeba adui (kwa M23, ni Rwanda) ina kiti kwenye kikao kinachotoa amri? Na je, yupo mtu wa kulipia helikopta?

Yapimwe nini kabla ya kuchagua

Cha kwanza ni namna adui anavyotajwa kwenye hati ya majukumu. Kulinda raia, kusimamia usitishaji mapigano na kuyapiga makundi yenye silaha ni kazi tatu tofauti, na kila moja ina silaha zake na idadi yake ya askari. Hati inayozichanganya zote tatu itasomwa na kila mji mkuu kwa namna inayoufaa.

Cha pili ni mlipaji. Umoja wa Mataifa huirudishia serikali zaidi ya dola 1,400 kwa askari mmoja kwa mwezi, na vifaa vya kikosi hulipiwa kwa hesabu yake: gari lililokaguliwa likakutwa bovu halilipiwi. Kwenye jeshi la EAC kila nchi ilijibebea mzigo wake. SADC ina mfuko, lakini watuma askari ndio waliobeba sehemu kubwa. Azimio 2719 la Desemba 2023 lilifungua mlango wa michango ya lazima ya Umoja wa Mataifa kugharimia hadi asilimia 75 ya bajeti, ila kwa misheni zinazoongozwa na Umoja wa Afrika wenyewe. EAC na SADC hazimo humo moja kwa moja. Watu wengi hulisahau hili na kuandika makisio ya bajeti yasiyo na mguu.

Cha tatu ni amri. Kila kikosi kina makamanda wawili, yule wa uwanjani na yule wa nyumbani anayepigiwa simu kabla ya amri kutekelezwa. Hakuna mfumo uliofanikiwa kuimaliza simu hiyo. Tofauti ni mara ngapi inapigwa.

Cha nne ni njia ya kuingia na kutoka. Goma imebanwa na Ziwa Kivu upande wa kusini, mpaka wa Rwanda upande wa mashariki na volkano ya Nyiragongo upande wa kaskazini. Barabara za maana ni mbili, ya Sake kuelekea magharibi na ya Rutshuru kuelekea kaskazini. Adui akishika vilima vilivyo juu ya Sake na kuikata ya Rutshuru, unabaki na ziwa na uwanja wa ndege, na uwanja wa ndege hufungwa kwa makombora machache tu. Kipengele hiki ndicho kinachopewa aya fupi kuliko vyote kwenye mipango, nacho ndicho kilichowagharimu askari wa SADC Januari 2025.

Brigedi ya Umoja wa Mataifa (FIB)

Tarehe 20 Novemba 2012 M23 waliingia Goma huku askari wa kofia za buluu wakiwa mjini humo humo. Aibu hiyo ilizaa azimio 2098 la tarehe 28 Machi 2013. Lilianzisha brigedi ndani ya MONUSCO, misheni ya Umoja wa Mataifa nchini Kongo: batalioni tatu za askari wa miguu, kikosi cha mizinga, na kombania ya makomandoo na upelelezi. Jumla walikuwa askari 3,069 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wa kwanza alikuwa Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa JWTZ. Baraza la Usalama liliruhusu wazi mashambulizi ya kuyavunja nguvu makundi yenye silaha, kwa brigedi peke yake au pamoja na jeshi la Kongo, FARDC. Likaongeza kwamba ruhusa hiyo ni ya pekee na isichukuliwe kuwa mfano kwa misheni nyingine.

Mapigano ya Agosti 2013 yaliwasukuma M23 kutoka vilima vya Kibati. Mwisho wa Oktoba Kibumba, Rumangabo, Rutshuru na Bunagana vilianguka kimoja baada ya kingine, na helikopta za Rooivalk za Afrika Kusini zikapiga ngome za mwisho karibu na mpaka wa Uganda. Tarehe 5 Novemba M23 walitangaza kuacha vita.

Watu wakisimulia hadithi hii hutaja mizinga na helikopta, na wana haki. Lakini kulikuwa na mambo mengine mawili. FARDC ya mwaka 2013 ilikuwa imebadilishiwa makamanda na kupata mahitaji kwa wakati. Na kuanzia katikati ya 2012 wafadhili kadhaa walizuia misaada kwa Kigali kwa tuhuma za kuwasaidia M23, tuhuma ambazo Rwanda ilizikana. Brigedi ilipopiga, bomba la nyuma lililowalisha M23 lilikuwa limefungwa. Anayependekeza leo kurudia mtindo wa 2013 aulizwe kwanza: nani atalifunga bomba?

Upande wa hasara ni mrefu. Baada ya M23 zamu ilikuwa ya FDLR, waasi wa Kihutu wanaoipinga serikali ya Rwanda, na operesheni iliyotarajiwa mapema 2015 ilikwama pale Umoja wa Mataifa ulipokataa kushirikiana na majenerali wawili wa Kongo waliotuhumiwa kukiuka haki za binadamu. Kisha likaja tukio la Semuliki, Beni, usiku wa tarehe 7 Desemba 2017: kituo cha walinda amani kilivamiwa na watu wanaodhaniwa kuwa ADF, kundi la waasi lenye asili ya Uganda, askari 15 wa Tanzania wakauawa na 43 kujeruhiwa. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulitaja sababu bila kuzunguka. Hakukuwa na mpango unaotekelezeka wa kupeleka msaada au kuwaondoa waliozingirwa, mnyororo wa amri ulikuwa na kasoro, na ndege, wahandisi na taarifa za kijasusi havikutosha. Yaani hata misheni tajiri kuliko zote inaweza kuwaacha watu wake kwenye kituo cha mbali usiku kucha.

Na urafiki? Mei 2013, jijini Addis Ababa, Rais Jakaya Kikwete alishauri Rwanda izungumze na FDLR. Kigali ilikasirika, na uhusiano wa nchi hizo mbili ukaingia baridi wakati askari wa Tanzania wakiwa njiani au tayari Goma. Mwaka huo huo Kenya, Uganda na Rwanda zilikutana mara kadhaa kuhusu miradi ya ushoroba wa kaskazini bila Tanzania, hadi Kikwete akalizungumzia bungeni mwezi Novemba. Si haki kusema brigedi ndiyo iliyoleta mpasuko huo, kwani mengine yalihusu ardhi, ajira na kasi ya shirikisho. Lakini askari waliopelekwa kwa bendera ya Umoja wa Mataifa hawakuipa Tanzania kinga ndani ya jumuiya yake yenyewe.

Jeshi la Jumuiya ya Afrika Mashariki (EACRF)

Kongo ilisaini mkataba wa kujiunga na EAC tarehe 8 Aprili 2022 na kuwa mwanachama kamili tarehe 11 Julai. Katikati ya tarehe hizo, Juni, M23 waliteka Bunagana na wakuu wa nchi wakakubaliana jijini Nairobi kupeleka jeshi. Ni kasi ya kushangaza, na hapo ndipo kasoro ilipozaliwa: mwanachama mpya aliingia jumuiya akiwa na vita, na anayemtuhumu kuwa nyuma ya vita hivyo alikuwa mwanachama mwenzake. Maamuzi ya wakuu wa nchi wa EAC hupitishwa kwa kauli moja. Kinshasa ilikataa askari wa Rwanda wasikanyage ardhi yake, lakini haikuweza kukiondoa kiti cha Rwanda kwenye kikao.

Bunge la Kenya liliidhinisha Novemba 2022 askari zaidi ya 900, na wa kwanza wakatua Goma siku chache baadaye. Burundi, Uganda na Sudan Kusini zikafuata. Kenya ilishika upande wa Kibumba na Rumangabo, Burundi upande wa Sake na Masisi, Uganda upande wa Bunagana na Rutshuru. Tarehe 23 Desemba 2022 M23 walikabidhi Kibumba kwa sherehe, na Januari wakakabidhi kambi ya Rumangabo. Kwenye picha ilipendeza. Uwanjani, wapiganaji walikuwa wamesogea vilima vichache tu, huku wakiendelea kusonga mbele upande wa Kitchanga.

Hati ilikuwa moja na wasomaji wawili. Kinshasa iliisoma kama ruhusa ya kuwapiga M23. Nairobi iliisoma kama kazi ya kukaa katikati, kupokea maeneo yanayoachwa na kuacha siasa ifanye kazi yake. Kila mmoja alikuwa na mistari ya kuishikilia. Wananchi wa Goma waliokuwa wamesubiri mizinga waliona vizuizi vya barabarani vinavyosimamiwa na askari wa jumuiya mita chache kutoka kwa M23, na maandamano yakaanza. Mwishoni mwa Aprili 2023 kamanda wa kwanza, Meja Jenerali Jeff Nyagah wa Kenya, aliondoka akieleza kwamba usalama wake ulitishiwa. Mwezi uliofuata Rais Félix Tshisekedi alilalamika hadharani kwamba jeshi hilo linaishi pamoja na waasi. Muda wake haukuongezwa baada ya tarehe 8 Desemba 2023, na kabla ya mwezi kwisha lilikuwa limeondoka.

Wanaolidharau jeshi hili husahau jambo moja. Usitishaji mapigano wa miezi kadhaa mwaka 2023, kwa kasoro zake zote, ulipunguza vita katika barabara ya Goma kwenda Rutshuru, nalo jeshi lilipoteza watu wachache mno ukilinganisha na lililofuata. Kama kazi ingeandikwa kuwa uangalizi tangu siku ya kwanza, na Kinshasa ikakubali hivyo mbele ya wananchi wake, lingeondoka na sifa. Liliuzwa kama jeshi la vita, na hapo ndipo lilipofia.

Misheni ya SADC (SAMIDRC)

Uamuzi ulifikiwa Windhoek Mei 2023, wakati jeshi la EAC lingali Goma. Hili lenyewe ni somo: mwenyeji mwenye jumuiya zaidi ya moja huhamia duka la pili pindi la kwanza linapokataa kumuuzia anachotaka. Askari walianza kuingia tarehe 15 Desemba 2023, wiki moja baada ya muda wa EAC kwisha. Afrika Kusini iliongoza, na rais wake aliidhinisha hadi askari 2,900 kwa mwaka mmoja kwa zaidi ya randi bilioni 2. Malawi na Tanzania zikatoa wengine.

Kwa nini SADC? Kwa sababu Rwanda si mwanachama. Kiti kile cha EAC hakikuwepo, na hati ingeweza kusema wazi kwamba kazi ni kuisaidia FARDC. Kwa swali letu la kwanza, la kiti, SADC ilishinda. Ikaanguka kwenye la pili, la mlipaji wa helikopta.

Idadi iliyopangwa ilikuwa kama 5,000, lakini walioingia hawakukaribia hapo. Rooivalk zilizofanya kazi 2013 hazikuwa juu ya Sake safari hii. Adui naye alikuwa amebadilika, akiwa na ndege zisizo na rubani, makombora ya kutungua ndege na, kwa mujibu wa wataalamu wa Umoja wa Mataifa, maelfu ya askari wa Rwanda kando yake. Upande wa serikali kulikuwa na FARDC, wanamgambo wa Wazalendo, askari wa Burundi na makandarasi wa kijeshi wa Kiromania, bila kamanda mmoja anayeamuru wote. Kombora lililotua kambini Mubambiro, karibu na Sake, liliua askari wawili wa Afrika Kusini Februari 2024. Watatu wa Tanzania waliuawa Aprili. Ishara zote zilikuwa hadharani: kambi iko ndani ya masafa ya mizinga, na askari hawana uwezo wa kuifikia mizinga hiyo.

Agosti 2024 azimio 2746 liliiruhusu MONUSCO kuisaidia SAMIDRC kwa usafirishaji na taarifa. Lilikuja likiwa limechelewa, na ndani ya mipaka ya kile MONUSCO ilichokuwa nacho wakati yenyewe ilikuwa imekwishafunga virago vyake Kivu Kusini. Januari 2025 Sake ikaanguka, uwanja wa ndege ukafungwa, na tarehe 27 M23 wakaingia Goma. Afrika Kusini ilipoteza askari 14 mwezi ule, baadhi yao wakiwa chini ya MONUSCO. Malawi na Tanzania nazo zilizika watu wao. Waliobaki walikaa kambini katikati ya eneo la M23 kwa miezi mitatu.

Kuondoka kwao kunastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa hakuna hati iliyolitarajia. Tarehe 13 Machi wakuu wa SADC waliifuta misheni. Tarehe 28 Machi makamanda wa SADC walisaini na M23, Goma, makubaliano ya kuwaruhusu kuondoka, pamoja na kusaidia kukarabati uwanja wa ndege. Uwanja haukufunguka. Mwisho wa Aprili malori ya misheni yalianza safari kwa barabara kupitia Rwanda, nchi ile ile iliyokuwa imeiita misheni hiyo sehemu ya vita, hadi kituo cha kukusanyikia Chato, Tanzania. Jeshi lililokuja kuisaidia serikali lilitoka kwa ridhaa ya waasi na kwa barabara za jirani anayetuhumiwa.

Mkataba wa nchi mbili: Uganda na Burundi

Mabomu yalilipuka Kampala tarehe 16 Novemba 2021. Tarehe 30 mwezi huo huo jeshi la Uganda, UPDF, lilianza kupiga ngome za ADF ndani ya Kongo kwa ndege na mizinga, katika Operesheni Shujaa pamoja na FARDC. Wiki mbili. Hakuna jumuiya yoyote iliyowahi kukaribia kasi hiyo. Mnyororo wa mahitaji ni mfupi: lori linavuka Mpondwe, linaingia Kasindi, na Beni iko kilomita 80 mbele. Amri ni moja, bajeti ni moja, na hakuna mjadala wa kauli moja.

Hasara yake ni kwamba hakuna wa kukagua. Pamoja na askari yalikuja makubaliano ya barabara zenye urefu wa kilomita 223 mashariki mwa Kongo, na Wakongo wengi hawajui askari wanalinda nini hasa, raia au biashara. Wana sababu ya kushuku: Februari 2022, miezi michache baada ya operesheni kuanza, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya 1998 hadi 2003. Kijeshi, ADF walipigwa kambini wakatawanyika kuelekea Ituri na Lubero, na Juni 2023 wakavuka na kuishambulia shule ya Mpondwe, Uganda, wakiua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi. Kuvunja kambi si sawa na kulinda vijiji.

Burundi ni mfano mkali zaidi. Jeshi lake lilikuwa ndani ya EACRF na wakati huo huo lilikuwa na makubaliano yake na Kinshasa. EACRF ilipoondoka, askari wa Burundi walibaki na kupigana dhidi ya M23 bega kwa bega na FARDC. Januari 2024 Bujumbura ilifunga mpaka wake na Rwanda. Kwa maneno mengine, mkataba wa nchi mbili ulivitoa vita Masisi na kuvileta ndani ya jumuiya yenyewe.

Linganisha na Cabo Delgado, Msumbiji: Rwanda ilituma kama askari 1,000 Julai 2021 kwa makubaliano ya nchi mbili, na SADC ikaanza misheni yake mwezi huo huo. Ya SADC ilifungwa Julai 2024. Wanyarwanda walibaki.

Kwa jicho moja

| | FIB (UN) | EACRF | SAMIDRC | Nchi mbili |
|---|---|---|---|---|
| Kutoka uamuzi hadi askari wa kwanza | Chini ya miezi miwili | Miezi kama mitano kwa Kenya | Miezi saba | Wiki mbili (Uganda) |
| Mtuhumiwa yumo kikaoni? | Ndiyo: Rwanda ilikuwa mjumbe wa Baraza la Usalama 2013 hadi 2014, ila bila kura ya turufu | Ndiyo | Hapana | Hapana |
| Mlipaji | Umoja wa Mataifa | Kila nchi | Hasa watuma askari | Mtumaji |
| Ruhusa ya kushambulia | Wazi | Inabishaniwa | Ipo, bila nyenzo | Kadiri ya makubaliano |
| Nguvu ya anga | Ilikuwepo 2013 | Haikuwepo ya maana | Haikutosha | Ya mtumaji |
| Kilichoharibika | Vituo vya mbali bila msaada | Wasomaji wawili wa hati moja | Kuzingirwa | Hakuna mkaguzi. Majirani kugombana |

Ushirikiano usioonekana

Majeshi ndiyo yanayopigwa picha, lakini uharibifu wa kwanza hutokea kwenye taarifa. Majirani wanaotuhumiana hawapeani orodha za wasafiri wanaoshukiwa, wala nambari za magari, wala picha za droni. Mpaka wa Gatuna kati ya Uganda na Rwanda ulifungwa Februari 2019 hadi Januari 2022, na kipindi hicho kilikuwa pia kipindi cha ADF kujiimarisha. Kongo ilisimamisha safari za RwandAir Mei 2022. Juni 2025 Rwanda ilijitoa kwenye Jumuiya ya Uchumi ya Afrika ya Kati, ECCAS, baada ya kunyimwa zamu ya uenyekiti. Tanzania, iliyo EAC na SADC kwa pamoja, imebaki na kazi ngumu ya kutuma askari kupitia moja na kuandaa mazungumzo kupitia zote mbili. Mkutano wa pamoja wa Dar es Salaam wa tarehe 8 Februari 2025 ulikuwa jaribio la kuunganisha maduka hayo, na michakato ya mazungumzo ya amani ya Nairobi na Luanda ikaunganishwa hapo. Ulikuja siku 12 baada ya Goma kuanguka.

Sasa, ipi?

Adui akiwa kundi lisilo na serikali nyuma yake, kama ADF, chagua mkataba wa nchi mbili, kwa sharti kwamba hati inataja wilaya, muda wa mwisho na tume ya pamoja ya malalamiko ya raia. Makubaliano ya barabara au madini yawe kwenye hati nyingine iliyo wazi kwa bunge. Yakichanganywa na operesheni, hakuna atakayeamini operesheni.

Adui akiwa na serikali inayotuhumiwa kumbeba, na serikali hiyo ikiwa mwanachama mwenzako, usitumie jeshi la jumuiya hiyo kwa mashambulizi. Litumie kwa uangalizi, au usilitume kabisa, na jumuiya ibaki mahali pa kuzungumzia. Kwa mashambulizi kuna njia moja tu iliyowahi kufaulu Kivu, ya Umoja wa Mataifa, na ilifaulu bomba likiwa limefungwa. Bila sharti hilo, brigedi ya pili itazaa Semuliki nyingine.

SADC au muungano mwingine usio na mtuhumiwa ndani yake ni chaguo halali, ila pima kwa hesabu hizi kabla ya kusaini. Kila batalioni moja uwanjani inahitaji mbili nyumbani, moja inayojiandaa na moja inayopumzika. Nchi yenye batalioni nne zilizo tayari haiwezi kushika sekta mbili. Kila kambi iliyo ndani ya masafa ya mizinga ya adui iwe na rada ya kutambua mizinga na silaha ya kuijibu; ikikosekana, kambi ihame. Helikopta za kuwaondoa majeruhi ziwe za misheni yenyewe, siyo ahadi ya misheni nyingine inayojiandaa kuondoka. Na viwe vimetajwa viwanja viwili vya ndege pamoja na njia moja ya barabara isiyopita kwa mtuhumiwa. Goma haiwezi kutimiza sharti hilo la mwisho peke yake, hivyo makao makuu yangepaswa kuwa kwingine tangu mwanzo, na Goma iwe kituo cha mbele.

Hati yoyote ile iwe na kifungu cha kuondoka kilichoandikwa wakati wa amani: nani anatangaza, ndani ya siku ngapi, vifaa vinapita wapi, na mwenyeji anawajibika kwa lipi iwapo hadhibiti tena eneo. Makubaliano ya hadhi ya majeshi kwa kawaida husainiwa na mwenyeji tu. Mji ukibadilisha mikono, karatasi hiyo haina nguvu kwa anayeshika barabara.

Kama hakuna kati ya hayo linalowezekana, tuma maofisa wa uhakiki badala ya batalioni. Nchi za Maziwa Makuu zina chombo chao cha uhakiki wa mipaka, EJVM, kilichoanzishwa Goma mwaka 2012, na Angola ilizindua kingine hapo hapo Novemba 2024. Udhaifu wao ni mmoja: ripoti hupita mikononi mwa serikali zinazoripotiwa kabla hazijatoka. Utaratibu wa uhakiki uliosainiwa Doha Oktoba 2025 kati ya Kinshasa na M23 utapimwa kwa kitu hicho hicho. Anayetuma maofisa wake adai kwanza, kwa maandishi, kwamba ripoti itachapishwa ndani ya siku zinazojulikana hata kama mmoja wa wahusika ameipinga.